Gego Zima

3 Februari

Dada,

Kila barua huwa naanza kwa kusema sisi wazima. Leo nimeanza hivyo mara mbili nikafuta. Tuseme tu nipo.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumbani anaishika shemeji yako, na haya si mambo ya kusemea sebuleni. Hedhi imekoma, huu ni mwezi wa kumi na nne. Hilo halikunisumbua, nilisema afadhali. Kinachonisumbua ni yaliyokuja nyuma yake. Joto linapanda kutoka kifuani hadi utosini nikiwa kwenye cherehani, jasho linadondokea kola za watoto wa shule. Msimamizi amenihamishia mashati ya bluu iliyokolea, eti huko doa halionekani. Tulicheka.

Lakini kuna uchovu, dada. Si wa kazi. Wa kazi naujua tangu nina miaka kumi na tisa. Warsha yetu iko ghorofa ya tatu, unaikumbuka. Zamani nilikuwa napanda na robota la kitambaa begani na maneno mdomoni. Sasa napanda mikono mitupu, nikifika ghorofa ya pili nasimama nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Hapo ndipo taya la kushoto linaanza. Linauma kama limebanwa na koleo. Nikikaa kwenye kiti dakika tano linaacha. Na mgongo pia, hapa katikati ya mabega. Wenzangu wanasema ni kuinama.

Lingine sijui nilisemeje. Mke wa mwanangu amejifungua binti. Walinipa nimshike. Nikamshika kama ninavyoshika shati lililokwisha kushonwa, namgeuza kuangalia mishono. Wote walikuwa wananitazama wakingoja nilie. Nikatabasamu, nikamrudisha. Sikusikia kitu. Nilikaa pale kwenye kiti cha mgeni nikawa naangalia jinsi wanavyofurahi.

Wewe umepita huku kabla yangu, na zaidi ya hapo una mtoto daktari. Muulize mwanetu. Mwambie mama yake mdogo ndiye anayeuliza. Akisema niende hospitali nitakwenda, akisema nitulie nitatulia. Sitaki kupoteza siku ya kazi kwa jambo la uzee.

Mdogo wako

*

10 Februari

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama,

Barua yako imenikuta saluni na kichwa cha mtu mkononi, nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama kimeona jini. Nikamwambia mwenyewe, vumilia, damu yangu imeniandikia. Nimeisoma yote nimesimama, yeye analalamika shingo.

Kwanza hongera! Bibi mzima sasa, tena wa mtoto wa kike. Huyo atasomeshwa mpaka vitabu viseme basi, maana ana mfano wa kuigwa humu humu ukoo wetu.

Sasa kuhusu hali yako, toa wasiwasi, uko kwenye mikono salama. Nimezungumza na Daktari. Ana shughuli, unajua hospitali kubwa kama ile haiendi bila yeye, lakini aliposikia ni mama yake mdogo alisimamisha kila kitu. Amesema hivi: ni umri. Mwili wa mwanamke ukishafunga milango ya uzazi, huko ndani wote wanachanganyikiwa kwanza, hakuna anayejua kazi yake ni ipi. Ndiyo hayo majoto, uchovu, moyo kukimbia bila kufukuzwa. Amesema unywe maji, uvae nguo nyepesi, upunguze chumvi, upumzike Jumapili. Hospitali huna haja nayo, watakuzungusha kwenye foleni bure. Taya ni jino, hilo hata mimi nisiyesoma naliona. Kang'oe.

Mimi mwenyewe nilipokuwa huko unakopita, nilikuwa naenda duka la jirani naingiza kichwa kwenye friji ya soda. Mwenye duka anadhani nachagua. "Mama, leo ipi?" Namwambia subiri kwanza, bado natafakari. Siku moja nimetafakari mpaka foleni ikatoka nje ya mlango. Na leo hii niko hapa, hamsini na saba, sijawahi kupimwa chochote na nasuka vichwa sita kwa siku. Sisi tumeumbwa kwa chuma.

Hapa saluni jina langu limeshasahaulika. Ni Mama Daktari huku, Mama Daktari kule. Yule mwalimu mkuu mstaafu, yule aliyekuwa hasalimii mtu, juzi amekaa kwenye kiti changu ananiuliza kuhusu goti lake. Nikamjibu! Akashukuru kwa mikono miwili. Ile picha ya mwanetu na koti lake jeupe nimeibandika juu ya kioo. Mteja akiinua macho anamwona yeye kabla hajajiona mwenyewe.

Kuhusu kutosikia kitu, usiliwekee uzito. Mimi pia, tangu baba wa mtoto aondoke, kisha mtoto naye akaenda kazini, kuna siku nafunga saluni na kukaa mle ndani mpaka... Basi, hayo tuyaache. Mbusu mjukuu.

Dada yako,
Mama Daktari

*

2 Machi

Dada,

Nimefanya yote aliyosema Daktari. Maji nakunywa mpaka msimamizi anahesabu safari zangu za chooni. Nguo nyepesi navaa. Jumapili zote nalala chali nikiangalia dari, shemeji yako akipita mlangoni ananyata.

Gego nimeling'oa. Tabibu wa meno aliligongagonga akasema, "Mama, hili zima. Sioni kitu." Nikamwambia ng'oa. Akasema, "Nitakutoa jino zima mama, ujute." Nikamwambia nina mtoto daktari wa hospitali kubwa, mengine yote ameshayaangalia, limebaki jino tu. Akachukua koleo lake. Amenipa kwenye karatasi. Ni kweli, halina tobo wala weusi. Taya bado linauma. Napanda linaanza, nakaa linaacha, ila sasa lina pengo.

La kukufurahisha. Wiki iliyopita wauguzi walikuja warshani, chama cha wafanyakazi ndicho kilichowaleta. Wanapima wanawake wote waliovuka arobaini na tano, presha na sukari, na anayehitaji wanamwandikia karatasi ya kwenda kupimwa moyo. Wenzangu walipanga foleni kutoka kwa watu wa vifungo mpaka kwa watu wa pasi. Nesi akaniita, "Na wewe mama wa mashati ya bluu?" Nikamwambia, "Wapishe wenye shida. Mimi nina daktari wangu wa nyumbani." Yule wa vifungo akasema, "Wenye ukoo wamekaa, sisi makabwela tupimwe." Tukacheka. Nilishona kola arobaini na mbili kabla hawajamaliza.

Mkono wa kushoto umekuwa mzito. Nadhani ni kuvuta kitambaa.

Nimeona si vizuri kumtumia salamu za mdomo tu mtoto aliyenifanyia yote haya. Nimemwandikia mwenyewe, nimetuma hospitalini. Idara yake siijui, nikaandika Daktari, na jina lake na la baba yake. Nimemweleza kila kitu, na jino. Ulisema hospitali haiendi bila yeye, basi watamjua tu.

Mdogo wako

*

13 Machi

Mama, shikamoo.

Jana mhudumu wa barua aliteremka kwenye chumba chetu cha chini na bahasha yenye mihuri mitatu. Imepita upasuaji, imepita kwa watoto, imepita macho. Kila mahali wameandika kwa kalamu, hatuna daktari huyu. Mwishowe mtu akasema, mbona kumbukumbu kuna binti mwenye jina hilo. Mhudumu akasoma anwani kwa sauti mbele ya wenzangu, "Kwa Mheshimiwa Daktari." Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Hata mimi nilicheka. Kisha nikaifungua.

Mama, mimi ni karani wa kumbukumbu. Nilikuandikia hivyo wiki ya kwanza. Asubuhi natoa mafaili rafuni, mchana nayarudisha. Koti jeupe tunavaa wote wa chini kwa sababu ya vumbi. Mfagiaji pia analo.

Hukuniuliza chochote kuhusu mama mdogo. Nimejaribu kukumbuka labda uliuliza nikajibu vibaya. Hukuuliza. Hayo maneno niliyoyasoma kwenye barua yake, Daktari kasema hivi, Daktari kasema vile, hayajawahi kutoka kinywani mwangu.

Nilipanda na barua kliniki ya moyo nikampa sista mkuu. Aliisoma amesimama.

"Ana miaka mingapi?"

Hamsini na moja.

"Kwenye ukoo kuna aliyeanguka ghafla?"

Nikamwambia bibi, jikoni, na hamsini na tatu zake. Akanirudishia karatasi.

"Taya linaloanza akipanda na kuacha akikaa si jino. Huo ni moyo unakosa damu ya kutosha. Wanawake wengi hawashiki kifua kama wanaume. Wanaumwa taya, mgongo, wanachoka, wanaambiwa ni umri. Na umri umo kweli. Hedhi ikishakoma, kinga waliyokuwa nayo inapungua, presha inapanda, mafuta kwenye damu yanapanda. Hiyo ndiyo sababu ya kuwapima. Watu wameifanya sababu ya kuwaacha. Aende leo."

Nilimpigia baba mdogo pale pale. Nikamwambia mpeleke mama mdogo hospitali, na mimi si daktari, ni karani. Akacheka. "Ee Daktari, mama yako alishatuambia hupendi kujikweza. Mama yako mdogo anapumzika kama ulivyoagiza." Nilirudia mara tatu. Mara tatu akaniita Daktari.

Kwa hiyo maneno yangu hayafui dafu mbele ya maneno yako. Wewe ndiye uliyesema, wewe ndiye wa kufuta. Mwandikie leo. Mwambie ukweli wote, usiuvalishe koti.

Mwanao

*

17 Machi

Mwanangu, marahaba.

Nimeisoma barua yako mara moja, sina haja ya mara ya pili.

Kwanza usijishushe. Karani ni neno dogo kwa kazi yako. Daktari asiye na faili atamtibu nani? Bila wewe kule chini, hao wa juu si wangekuwa wanapapasa watu gizani. Mimi nikisema hospitali haiendi bila wewe sijadanganya.

Pili, sikukaa chini nikatunga. Ile picha ilipofika nilikuwa nampaka mteja mafuta. Akaiona akasema, "Kumbe mtoto daktari, na umenyamaza!" Mikono yangu ilikuwa kichwani kwake, sikutaka kumkatiza. Kesho yake akaja na shoga yake kunipongeza. Ningewarudisha wote? Mwezi ulipoisha mtaa mzima ulikuwa unajua, mimi nikawa wa mwisho kuamini.

Na niliyomwambia mama yako mdogo ndiyo yaliyonipata mimi, nami sikufa. Kwa hiyo si uongo kabisa. Ni dawa ya mtu mwingine, basi.

Nimekusikia. Ninamwandikia leo hii. Ila baba yako mdogo usimpigie tena, utamchanganya.

Mama yako

*

17 Machi

Mdogo wangu,

Haraka haraka. Daktari ameipata barua yako, amefurahi sana, ameionyesha mpaka kwa wakubwa wake. Sasa baada ya kuisoma na kufikiri vizuri, amebadilisha mawazo. Madaktari ndivyo walivyo, wanajifunza kila siku. Anasema ni vizuri upite hospitali ya huko wakupime presha na moyo, kwa usalama tu. Mwenyewe angekuja kukupima lakini nafasi hana.

Usiogope. Ukiwa na wasaa, nenda.

Dada yako,
Mama Daktari

*

22 Machi

Dada,

Barua yako imefika. Mwambie Daktari nimeelewa, nitakwenda. Kwa kuwa ni kwa usalama tu, nimeona niende nikimaliza. Shule zinafunguliwa, tuna mashati mia sita ya kukabidhi, na msimamizi amesema asiyekuwepo wiki hii asije tena. Tukikabidhi tarehe tano mwezi ujao, tarehe sita nitakuwa hospitali.

Juzi nilitapika kidogo kwenye ngazi. Nilipangusa kwa shati lililoharibika. Yule wa vifungo akaniambia, "Dada, na umri huo bado unabeba mimba?" Wote wakacheka, nami nikacheka nyuma yao. Nacheka naona kama ni mtu mwingine.

Shemeji yako anasema ulipiga simu jana ukauliza mjukuu ameota meno. Dada, mtoto ana miezi miwili.

Mdogo wako

*

26 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata asubuhi hii. Nimefunga saluni. Kuna mtu nje anagonga, ana miadi. Simfungulii.

Nimepiga simu huko mara mbili. Mara ya kwanza nikauliza mjukuu. Mara ya pili pia nikauliza mjukuu. Nikisikia shemeji anasema, "Ee, Mama Daktari!" ulimi unalala. Kwa hiyo naandika, maana karatasi hainiiti jina lolote. Kijana wa basi la alasiri ataibeba, nimemwambia akufikishie mkononi, si nyumbani, warshani.

Mwanangu si daktari. Ni karani. Anapanga mafaili ya wagonjwa kwenye chumba cha chini. Koti ni la vumbi.

Ulipouliza ile Februari sikumuuliza. Sikumpigia, sikumwandikia. Maneno yote ni yangu. Maji yangu, nguo nyepesi zangu, jino langu. Niliyatoa kichwani nikiwa na mteja kwenye kiti, kama ninavyowatolea wote. Hakubadilisha mawazo. Hakuwa na mawazo, hakujua.

Alipojua alikimbia na barua yako kwa watu wa moyo, nao wamesema taya lako si jino, ni moyo. Wamesema leo. Hawakusema kwa usalama, hilo ni langu pia. Hawakusema ukiwa na wasaa. Wamesema leo, na hiyo ilikuwa tarehe kumi na mbili. Siku kumi na nne nimezila mimi.

Utauliza kwa nini. Nimekaa hapa nikatafuta sababu nzuri na sijaipata. Nilikuandikia nikaishia katikati, unakumbuka, kuhusu kufunga saluni na kukaa. Ndivyo ilivyo. Mume akienda, mtoto akienda, hedhi ikienda, nilibaki kama kiti. Nakula sijui nakula nini. Mtu akisema Mama Daktari ndipo nashtuka kidogo, kama mtu aliyeguswa bega. Hicho tu ndicho kilichokuwa kinanigusa. Sikutaka kikome.

Mashati waachie wengine. Shuka ngazi. Usisubiri tarehe sita. Mwambie atakayekupokea: taya, mgongo, mkono wa kushoto, jasho, kutapika, hedhi imekoma, na mama yetu alianguka jikoni. Sema kwa mpangilio huo huo.

Dada yako

*

24 Aprili

Dada,

Hii ndiyo siku ya kwanza nimeruhusiwa kukaa nikaandika. Naandika kidogo, napumzika, naandika. Ukiona mwandiko umepinda usihesabu.

Barua yako ilinikuta mlango wa chini wa warsha, asubuhi ya tarehe ishirini na saba, mguu mmoja uko kwenye ngazi. Nikaisoma nimesimama pale pale, wenzangu wananipita. Yule wa vifungo akasema, "Mama, umeachiwa urithi?" Nikamwambia sijui. Nikaikunja. Nilitaka kupanda kwanza niage. Nilipanda ngazi tatu, nikashuka, nikamwambia mlinzi aniitie gari.

Moyo ulinikamata mlangoni mwa hospitali, nikaanguka. Nakumbuka kigae cha sakafu, kilikuwa na ufa unaofanana na herufi. Daktari wa hapa, mwanamke, mdogo kuliko mwanangu, alinieleza baadaye. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umeziba, wameufungua. Lakini kulikuwa na sehemu imeshakufa kabla, polepole, wiki hizo zilizopita. Nikamuuliza kubwa kiasi gani. Akanionyesha kidole gumba chake. Nikasema, si mbaya. Akasema, "Mama, moyo wenyewe ni ngumi tu."

Akasema pia kwamba kama ningefika ghorofa ya tatu siku ile, wasingenikuta. Nimekuandikia hilo kwa sababu ni haki yako kulijua. Barua ile ndiyo iliyonishusha. Na ile ya Februari ndiyo iliyonipandisha muda wote ule. Nimeziweka pamoja kwenye bahasha moja, sikujua nyingine ya kufanya.

Warsha ndiyo basi. Kuvuta kitambaa siruhusiwi, ngazi siruhusiwi. Natembea mpaka getini na kurudi, shemeji yako ananihesabia hatua kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Dawa ni tano. Majoto bado yapo, hayo ni majoto kweli, daktari amesema yana dawa yake na tutayazungumza, wala si aibu. Kumbe ningeweza kuuliza tu.

Mwanetu alikuja. Alikaa siku nne kando ya kitanda. Alikuwa anaokota faili langu miguuni na kulisoma, anaponiambia kitu anasema, "Hapa wameandika hivi, mama mdogo, mimi sijui zaidi ya hapo." Ninamwamini. Shemeji yako bado anamwita Daktari. Mtoto amechoka kumsahihisha.

Daktari aliniuliza, "Nani alikuwa anakutibu kabla?" Shemeji yako akafungua mdomo. Nikamwahi nikasema dada yangu. Akauliza dada ni muuguzi? Nikasema msusi. Hakucheka. Akauliza ana miaka mingapi, hedhi imekoma lini, amewahi kupimwa. Nikamwambia ulisema umeumbwa kwa chuma. Akasema mama yenu kafa hivyo, wewe hivi, huyo naye apimwe, tena upesi.

Unangoja niseme nimekukasirikia au nimekusamehe. Nimetafuta hasira, dada. Nimelala hapa wiki nne naitafuta, nimeanzia mbali, tangu tukiwa wadogo unanisuka na kunivuta nywele. Sijaipata. Na msamaha nao sijauona. Mjukuu akiletwa namshika, bado ni kama nashika shati, ila juzi aliposhika kidole changu nilitazama muda mrefu kuliko kawaida. Ni hivyo tu. Ikija hasira utaijua.

Usije kwanza. Usinitumie ushauri. Usiniambie salamu za mtu yeyote wala nani kasema nini saluni. Nenda kapime. Ukishapimwa niandikie namba atakazosema mpimaji, kama alivyozisema. Usiongeze neno lako.

Mdogo wako

*

6 Mei

Mdogo wangu,

Presha mia moja sabini na mbili kwa mia moja na moja, mkono wa kulia. Mia moja sabini na nne kwa mia moja na mbili, mkono wa kushoto. Wamerudia baada ya kukaa dakika kumi, ikawa mia moja na sabini kwa mia moja.

Sukari kabla ya kula, saba na nukta mbili.

Kipimo cha waya kifuani, mpimaji amesema, "Hapa pana kitu, utarudi Jumatano umwone daktari."

Mafuta ya damu, majibu bado.

Dada yako